Umeme wa Chemchemi ya Bustani: Jambo Dogo Lenye Uzito wa Uhai

(Matini ya mazungumzo ya ofisi yetu ya uhusiano wa polisi na jamii, yaliyotolewa Old Kampala mbele ya wakazi wa kilima hiki na wajumbe wa kamati za usalama kutoka maeneo ya mpakani.)



Huenda wapo miongoni mwenu wanaojiuliza ni kwa nini polisi waache habari za wezi na magendo, wakae kuzungumzia maji ya kupamba bustani. Swali hilo ni la haki, na jibu lake ni fupi. Mtu anapokufa ghafla, sisi ndio tunaoitwa kuuchukua mwili, kufungua jalada na kuhoji mashahidi. Panga laweza kuua, na waya uliochubuka nao waweza kuua. Machozi ya mama ni yale yale. Tofauti ni kwamba mwenye panga hukusudia, ilhali mwenye waya aghalabu hakukusudia chochote ila kuipendezesha nyumba yake. Kwa hiyo kifo cha namna hii kinaweza kuzuiwa kwa maneno, nasi tungependa kuyasema maneno hayo mapema.

Kilima hiki tulichokaa juu yake ni kizee. Mwezi wa Desemba mwaka 1890 Kapteni Frederick Lugard alipiga kambi hapa na kujenga ngome yake. Jumba la Makumbusho la Uganda lilianzia hapa hapa mwaka 1908, kabla halijahamishwa. Leo Msikiti Mkuu wa Taifa ndio unaokitawala kilele, na chini yake zimebaki nyumba nyingi za zamani zenye kuta nene, nyua za ndani na bustani ndogo. Nyingi zilijengwa kwa ajili ya familia moja. Sasa zinakaliwa na wapangaji watano, sita au zaidi. Baadhi ya waya zilizomo kutani zimezeeka pamoja na kuta zenyewe. Nanyi mliotoka mipakani mnakijua kilima hiki kwa sababu nyingine: wengi waliokimbia vita ng'ambo walifika katika Kituo cha Polisi cha Old Kampala kuandikishwa, na baadhi yao wamepanga katika nyua hizi hizi. Basi mambo ya ua wa Old Kampala si mageni kwa watu wa mpakani.

Tuanze na shauri moja lililofikishwa kwenye dawati letu. Hatutawataja wahusika, kwani walikwisha kupatana.

Mwenye nyumba alijenga kidimbwi cha saruji katikati ya ua, akaweka pampu ndogo ya kurusha maji juu, na mawe meupe kandokando. Ukweli ni kwamba kilipendeza. Pampu ilihitaji umeme, na soketi iliyokuwa karibu zaidi ilikuwa ndani ya chumba cha mama mmoja mpangaji. Waya ukapitishwa dirishani kwake. Mita ya Yaka ya chumba hicho ilikuwa ya mama huyo, na yeye ndiye aliyekuwa akinunua uniti. Baada ya mwezi mmoja akaanza kuichomoa plagi kila asubuhi. Mwenye nyumba akaja kulalamika kwamba mpangaji anamharibia mali. Mama naye akatuambia, "Afande, maji yao siyakatai. Ninachokataa ni kuyalipia yanaporuka usiku kucha, na watoto wangu wanasoma kwa taa ya simu."

Tulikaa nao chini tukapiga hesabu, maana ugomvi wa fedha hupoa mbele ya hesabu. Pampu ile ilikuwa ya wati 20. Ikifanya kazi saa 24 hutumia wati-saa 480, yaani karibu nusu uniti kwa siku, na uniti 14 na nukta 4 kwa siku 30. Balbu ya kisasa ya wati 9 ikiwashwa saa tano kila usiku haifikishi hata uniti moja na nusu kwa mwezi. Hivyo ile pampu ndogo, ambayo mzee aliiona si kitu, ilikuwa ikila zaidi ya mara kumi ya taa ya watoto. Mzee alinyamaza, kisha akakubali kwamba gharama ni yake.

Shauri lingeweza kuishia hapo. Lakini tulipokuwa tukiinuka, mtoto wa umri wa miaka saba hivi alisema jambo ambalo watu wazima walikuwa wamelisikia mara nyingi wakalicheka: kwamba maji ya kile kidimbwi "yanatekenya". Tuliomba plagi ichomolewe papo hapo. Waya ulipofukuliwa ilionekana kwamba ulikuwa waya mwembamba wa taa ya mezani, umeunganishwa mahali pawili kwa utepe, na kiungo kimoja kililala chini ya majani mabichi, hatua moja kutoka ukingo wa maji. Wiki zote zile watu walikuwa wakigombania uniti, na wakati huo umeme ulikuwa ukivuja mahali wanapochezea watoto.

Ndugu wananchi, maji yakitekenya, bomba likitekenya, ukuta au mlango wa bati ukitekenya, hiyo ni taarifa ya hatari. Umeme unatafuta njia ya kwenda ardhini, na siku atakapokanyaga mtu aliyelowa, mwenye miguu mitupu, njia itakuwa ni mwili wake. Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende.

Sasa tueleze kwa nini kifaa kidogo namna hii kinaweza kuua. Umeme wa majumbani nchini Uganda ni wa volti 240. Pampu ya wati 20 kwenye volti 240 huvuta takriban miliampea 83, yaani chini ya sehemu ya kumi ya ampea moja. Kiasi hicho ni kidogo kwa mashine, lakini ni kikubwa mno kwa moyo wa binadamu. Miliampea 30 zikipita kifuani zinaweza kukakamaza misuli ya pumzi, na kiasi kinachoizungusha pampu ile kinatosha kuuvuruga moyo kikipita mwilini kwa muda wa sekunde chache. Ngozi kavu humkinga mtu kidogo. Ngozi iliyolowa kinga yake ni pungufu zaidi ya hapo.

Wengi hutuambia, "Nyumba yangu ina sakiti breka, itajikata yenyewe." Hili ni kosa la kuelewa linalogharimu roho. Sakiti breka ya ampea 10 husubiri hadi waya uzidiwe. Kazi yake ni kuuzuia waya usiungue. Ampea 10 ni miliampea elfu kumi. Mtu atakuwa amekwisha kufa na breka bado imekaa mahali pake, kwa kuwa kwa hesabu yake hakuna kilichotokea. Kinachomlinda mtu ni swichi ya aina nyingine, ambayo mafundi na wenye maduka huitambua kwa herufi RCD. Hiyo hulinganisha umeme unaokwenda na umeme unaorudi. Ikiona tofauti ya miliampea 30, hujua kwamba umeme unatoroka mahali fulani, nayo hukata katika sehemu ndogo ya sekunde. Ina kitufe cha kujaribia. Kibonyezeni mara moja kila mwezi. Kisipokata, swichi hiyo ibadilishwe.

Baada ya kuyaelewa hayo, mwenye kutaka chemchemi ya bustani ana njia tatu za kuipatia umeme.

Njia ya kwanza ni umeme wa kawaida wa volti 240 hadi kwenye pampu. Ndiyo inayotumika sana, nayo ndiyo inayotaka uangalifu mkubwa kuliko zote. Laini yake ilindwe na RCD ya miliampea 30, na iwe na waya wa athi uliofika kweli ardhini, usiwe umefungwa kwenye msumari wa ukutani kwa jina tu. Kebo ipite chini ya ardhi, kina cha nusu mita au zaidi, iwe ya aina yenye deraya ya chuma au ilazwe ndani ya bomba gumu, na juu yake uwekwe utepe wa tahadhari ili mwenye jembe asiikate. Soketi ya nje iwe na kifuniko cha kuzuia mvua, ikae juu mbali na maji, na waya wa pampu uteremke kwanza chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia, ili matone yaangukie chini yasifuate waya hadi ndani. Pampu yenyewe iwe ya kuzamishwa majini. Alama IP68 inaonyesha kwamba kifaa kimetengenezwa kukaa majini, na mtengenezaji ndiye anayetaja kina na muda kinaoweza kuhimili. Kiungo cha utepe hakina nafasi majini wala kwenye majani mabichi.

Njia ya pili ni kutumia transfoma ya usalama inayoshusha volti 240 kuwa volti 12 au 24. Transfoma hukaa ndani ya nyumba au kwenye kisanduku kikavu mbali na kidimbwi, na kinachofika majini ni volti chache zisizoweza kumdhuru mtu kwa urahisi. Kwa ua wenye watoto na wapangaji wengi, sisi tungependekeza njia hii kabla ya ile ya kwanza. Mnunuzi ahakikishe kwamba ni transfoma inayotenganisha kabisa pande mbili za umeme, maana zipo za bei rahisi zinazoshusha volti bila kutenganisha, na hizo hazimkingi mtu. Aangalie pia unene wa waya. Pampu ya wati 20 kwenye volti 12 huvuta karibu ampea moja na theluthi mbili; mkiuvuta umbali wa mita 20 kwa waya wa milimita za mraba 0.75, zaidi ya volti moja na nusu hupotea njiani na maji hayaruki sawasawa. Hapo dawa ni waya mnene au kuisogeza transfoma karibu kidogo, wala si kurudi kwenye volti 240.

Njia ya tatu ni jua. Nchi yetu imepitiwa na ikweta, na paneli ndogo inaweza kuendesha pampu ya wati chache mchana bila mita wala mtaro. Jua likizama, maji hutulia. Kwa pambo la bustani hiyo si hasara. Kwa ninyi wa mpakani, ambako nguzo za umeme hazijafika kila kijiji, hii ndiyo njia ya busara zaidi. Anayeongeza betri asisahau kuweka fyuzi karibu na betri, kwani waya zikigusana betri huweza kuwasha moto hata kama volti ni 12 tu.

Hapa inatubidi tuseme jambo linalowahusu watu wa mpakani hasa. Uganda, Kenya na Tanzania hutumia plagi ya miguu mitatu ya mraba. Ukivuka kwenda Kongo, Rwanda au Sudan Kusini, utakuta plagi za miguu ya mviringo. Vifaa huvuka mpaka pamoja na watu, na pampu iliyonunuliwa Goma au Kigali hufika Kisoro au Kampala ikiwa na plagi isiyoingia. Nanyi mnajua kinachofanyika: kalamu au kijiti kinasukumwa kwenye tundu la juu la soketi, vifuniko vya ndani vinafunguka, na miguu miwili ya mviringo inashindiliwa. Anayefanya hivyo huiacha athi nje, na huikosa fyuzi iliyomo ndani ya plagi yetu. Plagi ya namna hiyo huchezacheza, hupata moto, na huunguza soketi. Mwambie fundi abadilishe plagi, na ndani yake aweke fyuzi ya ampea 3 badala ya ile ya ampea 13 ambayo aghalabu huuzwa nayo. Na ununuapo, tafuta kifaa chenye alama ya shirika la viwango, liwe la Uganda, Kenya au Tanzania. Bidhaa iliyopitishwa kichakani usiku haina wa kuulizwa inapoua.

Tufike kwenye sheria. Nchini Uganda, Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme ndiyo inayotoa vibali kwa mafundi wa kufunga waya majumbani. Muulize fundi kibali chake kabla hujampa kazi. Fundi wa haki hakasiriki kuulizwa. Usambazaji wa umeme, ambao kampuni ya Umeme ilikuwa nao kwa miaka 20, ulirudi mikononi mwa kampuni ya serikali, UEDCL, tarehe 1 Aprili 2025. Mabadiliko hayo hayakuifuta Sheria ya Umeme ya mwaka 1999, ambayo ilirekebishwa mwaka 2022 kwa kuongeza ukali wa adhabu kwa wizi wa umeme na uharibifu wa mitambo yake. Kuvuta waya kutoka kwenye nguzo, au kuurukisha kabla ya mita ili chemchemi iruke bila kulipiwa, ni kosa la jinai. Tena laini ya wizi haina RCD, haina athi, wala hakuna aliyeikagua. Anayeipitisha kwenye ua wa wapangaji ameiba, na papo hapo amewatega jirani zake.

Kwa wenye nyumba, tunasema hivi: pambo la ua wa pamoja lilipiwe na mita yako, na laini yake isipite katika chumba cha mtu. Kwa wapangaji: mna haki ya kukataa waya usiopita dirishani kwenu kwa ridhaa yenu, na mna haki ya kuchomoa kinachotekenya. Lakini msikate waya kwa hasira wala kuufungua kwa kisu. Chomoeni, zimeni swichi kuu ikibidi, kisha mwite mwenyekiti wa mtaa na mwenye nyumba. Wakishindwa kuelewana, dawati letu liko wazi, na hakuna malipo yoyote kwa kusikilizwa.

Yapo mengine ambayo hayahusu waya moja kwa moja lakini huandamana nao. Umeme ukikatika siku kadhaa, pampu husimama na maji hutuama. Yai la mbu laweza kuwa mbu kamili katika muda wa wiki moja hadi mbili, nasi sote tunaijua malaria. Maji yasiyotembea yamwagwe au yabadilishwe. Mtoto mdogo naye anaweza kuzama kwenye maji yasiyofika magotini. Wekeni mawe au wavu juu ya kidimbwi. Mvua ya radi ikianza, ichomoeni pampu kabla haijakaribia. Uganda ni miongoni mwa nchi zenye radi nyingi duniani, na ndugu zetu wa Tororo hawahitaji kufundishwa hilo. Na yeyote anayetaka kusafisha pampu achomoe plagi kwanza, aishike mkononi aione, ndipo atie mkono majini. Pampu isinyanyuliwe kwa waya wake.

Na ikitokea, Mungu apishe mbali, kwamba mtu amenaswa, msimguse, wala msiingie majini kumfuata. Mara nyingi tumesikia kwamba wa kwanza alinaswa na wa pili akafa akimwokoa. Kimbilieni swichi kuu mkate umeme wote. Kama swichi haifikiki, simameni mahali pakavu mkamtenganishe na waya wa nyumbani kwa mti mkavu, kamwe si kwa chuma wala kwa kitu kilicholowa. Kama ni waya wa nguzoni ulioanguka, kaeni mbali kabisa na mzuie wengine wasikaribie. Pigeni simu 999 au 112. Namba 112 hupokelewa pia Kenya na Tanzania. Umeme ukishakatwa na mtu hapumui, mlazeni chali juu ya sakafu ngumu, mbonyezeni katikati ya kifua kwa nguvu, kina cha sentimita tano hivi kwa mtu mzima, mara 100 hadi 120 kwa dakika, msiache hadi msaada ufike. Vijana wa kamati za usalama, tunaomba mjifunze jambo hili kwa vitendo. Sisi tuko tayari kuleta mkufunzi pale mtakapokusanya watu.

Mzee wa shauri tulilolieleza hakuibomoa chemchemi yake, wala sisi hatukumtaka aibomoe. Alimwita fundi mwenye kibali, akaweka transfoma ya volti 12 kwenye mita yake mwenyewe, na saa za kurusha maji zikawa jioni tu, watoto wanaporudi shuleni. Kwa saa nne kwa siku, pampu ile ile hutumia uniti mbili na nukta 4 kwa mwezi. Mama mpangaji amerudishiwa dirisha lake, nalo linafungika usiku.

Mnapotoka hapa, tunawaomba kila mmoja wenu akague mambo matatu katika ua wake wiki hii: kama kuna swichi ya RCD na kama kitufe chake kinakata, kama kuna kiungo cha utepe mahali panapolowa, na kama kuna mtoto ambaye amewahi kusema kitu fulani kinatekenya. Hilo la tatu muulizeni mtoto mwenyewe, mkamsikilize. Wajumbe wa mipakani, yapelekeni maneno haya kwa lugha za huko kwenu, kwa kuwa waya hauulizi mtu ametoka upande gani wa mpaka.

Usipoziba ufa utajenga ukuta.